Kuunda modeli ya namna mti unavyodhibiti maji yatokayo majanini: mwembe wa Mombasa juu ya mizani

Mche wa mwembe aina ya ngowe wenye majani thelathini na kitu, ukipandwa kwenye ndoo ya lita 20 na kuwekwa juu ya mizani uani saa saba ya mchana wa kaskazi, hupungua uzito mbele ya macho yako: gramu moja kila baada ya sekunde 80 hivi, hata kama hakuna tone lolote linaloonekana. Maji hayo hutoka kama mvuke kupitia stomata, yaani vile vitundu vidogo mno ambavyo kwa mwembe viko upande wa chini wa jani, kila kimoja kikiwa kati ya seli mbili zinazojaa maji na kukifungua, au kunywea na kukifunga. Mti hauna budi kuvifungua ili kabonidioksidi iingie kwa ajili ya usanisinuru, na kila unapovifungua maji hutoka. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuigeuza biashara hiyo ya kubadilishana maji kwa hewa kuwa modeli ndogo inayotoshea kwenye lahajedwali, na jinsi ya kuisuta kwa mizani ili isibaki kuwa hesabu ya kujifurahisha tu.

Tatizo letu sisi wa Mombasa ni kwamba hewa ni nyevunyevu, nguo hukauka kwa tabu wakati wa masika, na kwa hiyo mtu hudhani kwamba miti yetu haipotezi maji mengi. Dhana hiyo ndiyo iliyonipotosha katika jaribio langu la kwanza. Jani haliitiki asilimia ya unyevu inayosomwa na kipimo cha ukutani. Linaitika tofauti kati ya mvuke uliomo ndani yake, ambako hewa daima imeshiba, na mvuke uliopo nje, na tofauti hiyo hutegemea sana joto la jani lenyewe.

Hatua ya kwanza: kukusanya vifaa

Utahitaji miche miwili ya mwembe kutoka kitalu kimoja, ya umri mmoja na aina moja; ndoo mbili zenye matundu chini; mizani ya kielektroniki inayobeba kilo 30 na kusoma hadi gramu 1; kihisi cha joto na unyevu wa hewa; kipimo cha mwanga kinachosoma kwa lux; na kipimajoto cha miale, kile kibunduki tulichokizoea milangoni wakati wa Korona, mradi kiwe cha kupimia vitu na si cha paji la uso pekee, kwa sababu cha paji la uso hurekebisha namba zake ili zifanane na joto la mwili. Kasi ya upepo inaweza kukadiriwa, lakini kipimo kidogo cha mkononi ni bora zaidi.

Kihisi cha hewa kiwekwe kivulini, penye upepo, kwenye kimo cha majani. Mimi nilikitundika chini ya upenu wa mabati nikidhani kivuli ni kivuli, na kwa wiki nzima kilinisomea digrii 38 huku hewa ya uani ikiwa haizidi 32, kwa sababu mabati yaliyochomwa na jua yalikuwa yakikichoma nacho. Data ya wiki ile niliitupa yote.

Uso wa udongo ufunikwe kabisa, vinginevyo mizani itajumlisha maji ya udongo na maji ya majani. Wengi watafikiria mfuko wa plastiki, lakini mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwa kazi hii karatasi ya alumini ya jikoni inafaa vilevile, ikikunjwa vizuri kuzunguka shina na kubanwa kwa kamba kwenye mdomo wa ndoo. Ipake tope au uifunike kwa kitambaa cheupe kisichong'aa. Kunguru wa mji huu huenda wakavutwa na kitu kinachometameta, na tundu moja la mdomo wa kunguru latosha kuharibu vipimo vya siku nzima.

Hatua ya pili: kupima eneo la majani

Upotevu wa maji huhesabiwa kwa kila mita mraba ya jani, kwa hiyo kosa la eneo hubebwa hadi mwisho wa hesabu. Chagua majani kumi ya ukubwa tofauti bila kuyachuma, yachore kwa penseli juu ya karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita mraba, kata michoro hiyo kwa mkasi, kisha ipime kwenye mizani nyepesi kama ile ya masonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Kila gramu 1 ya karatasi hiyo ni sentimita mraba 125 za jani. Kwa kila jani gawanya eneo kwa urefu mara upana, tafuta wastani wa majani yote kumi, nawe utakuwa na namba moja ya kuzidishia urefu na upana wa majani mengine yaliyobaki mtini. Katika mfano wa mwongozo huu mche una mita mraba 0.25.

Hatua ya tatu: kukokotoa nakisi ya mvuke

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, na ndipo ninapokuomba usiende mbio. Kanieneo ya mvuke katika hewa iliyoshiba, kwa kilopaskali, hupatikana kwa kanuni hii, ambapo T ni joto kwa digrii za Selsiasi, na EXP, kama SQRT na MIN zitakazofuata, ni amri za lahajedwali:

kanieneo iliyoshiba = 0.6108 × EXP(17.27 × T / (T + 237.3))

Chukua mchana wa Februari wenye joto la hewa la digrii 32 na unyevu wa asilimia 65. Hewa iliyoshiba kwa digrii 32 ina kanieneo ya 4.76, na asilimia 65 yake ni 3.09, hicho ndicho kiasi cha mvuke kilichopo hewani kwa kweli. Ukitoa hiki kwa kile, ukibakiza desimali zote, unapata nakisi ya 1.66. Ndivyo wengi wanavyofanya, kisha wanaishia hapo. Sasa elekeza kipimajoto cha miale kwenye jani linalopigwa na jua, na hutashangaa kulikuta na digrii 35. Ndani ya jani hilo kanieneo iliyoshiba ni 5.62, huku mvuke wa nje ukibaki 3.09 uleule, na nakisi inayolikabili jani ni 2.53. Digrii tatu tu za joto la jani zimeongeza nakisi kwa zaidi ya nusu, na asilimia ya unyevu iliyosomwa kwenye kihisi haikubadilika hata kidogo.

Katika lahajedwali, tenga safu ya saa, safu ya joto la hewa, ya unyevu, ya joto la jani, kisha safu ya nakisi iliyokokotolewa kwa joto la jani. Nakisi hii tutaiita D.

Hatua ya nne: kuchagua kanuni ya stomata

Wataalamu wamependekeza kanuni nyingi. Jarvis, mwaka 1976, alianza na upitishaji wa juu kabisa wa jani, yaani wepesi wa jani kupitisha mvuke, kisha akauzidisha kwa visehemu vya mwanga, joto, nakisi na maji ya mti. Ni njia inayoeleweka upesi, lakini ina vigezo vingi ambavyo mtu mwenye miche miwili hawezi kuvipima. Ball, Woodrow na Berry mwaka 1987 waliufungamanisha upitishaji na usanisinuru kwa kutumia asilimia ya unyevu. Kabla yao, mwaka 1977, Cowan na Farquhar walikuwa wamelitazama jambo hili kama la mfanyabiashara: mti hufungua stomata kwa kiasi kile ambacho gharama ya maji haizidi faida ya kaboni. Medlyn na wenzake, mwaka 2011, waliziunganisha fikra hizo mbili kwa kanuni fupi ambayo ndiyo ninayoipendekeza hapa:

gs = g0 + 1.6 × (1 + g1 / SQRT(D)) × A / Ca

Hapa gs ni upitishaji wa stomata kwa mvuke, kwa moli kwa mita mraba kwa sekunde; A ni kasi ya usanisinuru kwa maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde; Ca ni kabonidioksidi ya hewani, takriban sehemu 420 kwa milioni; na namba 1.6 inatokana na molekuli za maji kuwa nyepesi kuliko za kabonidioksidi, hivyo kusambaa hewani kwa kasi zaidi. Kigezo g0 ni kile kinachovuja hata stomata zikifungwa. Kigezo g1 ndicho tabia ya mti: kikiwa kidogo mti ni bahili wa maji, kikiwa kikubwa ni mbadhirifu, na kwa miti mingi huwa kati ya takriban 2 na 6.

Upotevu wa maji wenyewe, E, ni gs × D / 101.3, ambapo 101.3 ni kanieneo ya angahewa kwenye usawa wa bahari, nasi tuko ufuoni.

Jaribu kanuni hii kabla ya kupima chochote. Weka g1 kuwa 4, A kuwa 10 na g0 sifuri, kisha ongeza D kutoka 1.66 hadi 2.53. Upitishaji utashuka kwa asilimia 14, lakini maji yanayopotea yatapanda kwa karibu asilimia 30. Stomata zimejifunga, naam, ila hazikujifunga kiasi cha kuifuta nguvu ya hewa kavu. Mtu anayesema kwamba mti hufunga vitundu jua likiwa kali na hivyo kutumia maji kidogo hajakosea kuhusu vitundu; amekosea kuhusu maji.

Hatua ya tano: kukadiria usanisinuru kwa mwanga

Kipimo cha usanisinuru ni ghali mno, kwa hiyo tutakadiria. Gawanya lux za jua kwa 54 upate mwanga unaotumiwa na jani, I, kwa maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde. Lux 81,000 ni sawa na 1,500. Kisha tumia A = 12 × I / (I + 300), ambayo kwa mwanga huo inatoa 10, na kwa jani la kivulini lenye I ya 100 inatoa 3. Namba 12 na 300 ni makadirio yangu ya kuanzia, nawe ziandike waziwazi juu ya lahajedwali, kwa kuwa mizani peke yake haiwezi kutenganisha A na g1: ukikosea A kwa upande mmoja, g1 itakosea kwa upande wa pili, na jibu la maji likaonekana sahihi.

Hatua ya sita: kupima g0

Chuma jani moja jioni, ziba kikonyo chake kwa nta ya mshumaa, litundike katika chumba chenye giza na ulipime kwenye mizani ya sonara kila nusu saa. Uzito utashuka haraka mwanzoni, stomata zikiwa bado zinajifunga, kisha utashuka kwa mstari ulionyooka. Mteremko wa mstari huo, ukigawanywa kwa eneo la jani na kwa nakisi ya chumba kwa njia ileile ya hatua inayofuata, ndio g0. Ukiupata mkubwa kuliko milimoli 20, yaani moli 0.02, kagua kama nta imepasuka.

Hatua ya saba: kupima uzito na kutafuta g1

Mwagilia ndoo jioni hadi maji yatoke chini, iache idondoke usiku kucha, ifunike udongo, na uanze kupima alfajiri, kila saa moja, hadi magharibi. Pima mizani ikiwa imekingwa upepo kwa dakika moja, kwani upepo wa kusi ukitikisa majani, namba ya mwisho haitulii.

Tuseme kati ya saa saba na saa nane mchana mche umepoteza gramu 44. Kwa mita mraba 0.25 hiyo ni gramu 176 kwa mita mraba kwa saa. Gawanya kwa 18, ambayo ni gramu za moli moja ya maji, kisha kwa sekunde 3,600, upate moli 0.00272. Zidisha kwa 101.3 na ugawanye kwa D ya 2.53, upate upitishaji wa jumla wa 0.109.

Huo ni wa jumla kwa sababu mvuke ukishatoka kwenye kitundu hukutana na tabaka jembamba la hewa tulivu lililoshikamana na jani. Upitishaji wa tabaka hilo ni takriban 0.147 × SQRT(u / d), ambapo u ni kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde na d ni upana wa jani kwa mita ukizidishwa kwa 0.72; nje ya nyumba, penye misukosuko ya upepo, matokeo huzidishwa tena kwa 1.4. Kwa upepo wa mita 2 kwa sekunde na jani la upana wa sentimita 5 unapata 1.53. Vizuizi viwili vilivyopangana hujumlishwa kwa vipindu vyake, kwa hiyo gs = 1 / (1/0.109 − 1/1.53), ambayo ni 0.117. Weka namba hiyo katika kanuni ya Medlyn pamoja na A ya 10, ukiacha g0 kwa sasa kwa kuwa ni ndogo mchana, na g1 itatoka 3.3.

Rudia sasa hesabu nzima kwa D ya 1.66, kana kwamba hukupima joto la jani. Mche ni uleule, gramu ni zilezile 44, lakini g1 itapanda hadi karibu 5. Bahili amegeuka mbadhirifu kwa sababu ya kipimajoto kilichobaki kabatini.

Usikubali g1 ya saa moja. Kokotoa ya kila saa yenye mwanga wa kutosha kwa siku tano au zaidi, kisha chukua ya katikati badala ya wastani, maana saa moja ya wingu la ghafla huvuta wastani vibaya.

Hatua ya nane: kuongeza ukame

Mche wa pili ndio wa kunyimwa maji. Uzito wake asubuhi ya kwanza, baada ya kudondoka, ni uzito wa juu. Uache bila kumwagilia hadi upotevu wake wa siku ufikie sehemu ya kumi ya ule wa mwenzake anayemwagiliwa, na huo uwe uzito wa chini. Kati ya hizo mbili kokotoa sehemu ya maji iliyobaki, F, kila asubuhi. Kwa siku kadhaa miche miwili itakwenda sambamba kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha F ikikaribia theluthi moja mche mkavu utaanza kuachwa nyuma: asidi ya absisiki, homoni ya mti inayoashiria ukame, imeshapeleka habari kwenye seli za stomata, nazo zimeanza kunywea kabla jani halijalegea kwa macho. Zidisha gs kwa MIN(1, F/0.3), ukibadilisha hiyo 0.3 kwa namba ambapo grafu yako mwenyewe inavunjika. Mwagilia mara tu uzito wa chini unapofikiwa. Mche wa ngowe uliobebeshwa ni wa fedha, na jaribio halihitaji maiti.

Hatua ya tisa: kutoka mche hadi mti mzima

Kosa la kawaida ni kuzidisha namba ya jani la juani kwa majani yote ya mti. Mwembe wenye kivuli cha mita mraba 12, na mita mraba 4 za majani juu ya kila mita mraba ya ardhi, una mita mraba 48 za majani, lakini jua likiwa utosini, kama linavyokuwa Mombasa mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, yanayopigwa na jua moja kwa moja ni (1 − EXP(−0.5 × 4)) / 0.5, yaani 1.73 katika kila 4. Hizo ni kama mita mraba 21. Zilizobaki, karibu 27, ziko kivulini, zina joto la hewa na A ya 3, na kila moja hupoteza takriban gramu 42 kwa saa badala ya 176. Jumla ni lita 4.8 katika saa hiyo ya mchana. Ukiyahesabu yote kuwa ya juani utapata karibu lita 8.5.

Anayetaka kuihamishia modeli hii kwenye mikoko ya hori za Tudor au Port Reitz aweke kando ile hatua ya ukame. Mchu, mmojawapo wa mikoko hiyo, umesimama ndani ya maji na bado una kiu, kwa kuwa maji ya bahari yana mvuto wa chumvi wa karibu megapaskali 2.5, na jani lazima livute zaidi ya hapo ili kupata tone. Badala ya F, tumia kiasi cha chumvi ya maji yaliyo kwenye mizizi, kipimwe maji yakipwa na yakijaa, na ufuate bamvua mbili kamili kabla ya kuamini mstari wowote. Majani ya mchu hutoa chumvi nje, na punje zake hunyonya unyevu wa usiku. Yapanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya kupima. Miche isichimbwe mikokoni bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya.

Hatua ya kumi: kuisuta modeli

Vigezo vikishapatikana katika kaskazi, vifunge. Subiri Julai, kusi linapovuma na mchana ukiwa digrii 27 au 28, pima tena siku tano, na uiache modeli ibashiri gramu kwa vigezo vilevile. Kisha chora tofauti kati ya bashiri na mizani dhidi ya kila kitu ulichopima, grafu moja moja. Tofauti ikikua pamoja na D, tatizo liko kwenye kipeuo au kwenye joto la jani. Ikijitokeza alasiri tu, huku asubuhi yenye D ileile ikiwa sawa, angalia kama kivuli cha ukuta wa jirani kinafika kwenye kipimo cha mwanga kabla ya kufika kwenye mche. Ikiwa mizani inasoma upotevu usiku kuzidi g0 uliyopima, inua ile alumini uangalie udongo. Na iwapo baada ya hayo yote modeli bado inakosea kwa upande mmoja kila siku, hesabu majani: katika miezi mitano mwembe utakuwa umetoa chipukizi zima la majani mapya mekundu, na lile eneo la mita mraba 0.25 uliloandika Februari halipo tena.